Benki Ikifa, Deni Linaenda Wapi?

Barua ambayo mawakili wanaitumia kumshtaki babangu niliichapa mimi. Kwenye kesi inaitwa kielelezo nambari sita, na ukiiangalia vizuri utaona mstari wa tatu nimeandika "mkopp" badala ya "mkopo". Kila mara kesi ikitajwa nalikumbuka hilo kosa kabla sijakumbuka kitu kingine.

Wacha nianze na lori. Mwaka 2014 reli ya SGR ilikuwa inakuja, na Voi nzima ilikuwa inaota mchanga na kokoto. Mwenye lori alikuwa na kazi, asiye na lori alikuwa anatafuta mkopo. Babangu alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, misumari, mabati, saruji, na wateja wake wote walikuwa wanamuuliza swali moja: unaleta mchanga? Akakopa shilingi milioni 1.8 kutoka benki ya kibinafsi, akanunua lori la tani saba lililokwisha tumika. Benki ikashikilia hati ya lori. Siitaji benki hiyo, kwanza kwa sababu kesi bado iko kortini, pili kwa sababu nikiitaja utaanza kuwaza vichwa vya magazeti badala ya mzee mmoja wa Voi.

Miaka miwili alilipa vizuri. Halafu benki ikafungwa.

Kama ulikuwa mdogo wakati huo, ama ulikuwa kwenye bweni kama mimi, pengine hukumbuki jinsi mambo yalivyokuwa. Dubai Bank ilianguka Agosti 2015. Imperial ikafuata tarehe 13 Oktoba mwaka huohuo, wiki chache baada ya mkurugenzi wake mkuu kufariki. Chase ikafungwa Aprili 2016, baada ya watu kutumiana habari kwenye simu na kukimbilia pesa zao. Benki tatu chini ya miezi tisa. Na wala hilo halikuwa jambo geni Kenya: benki na kampuni za mikopo zilianguka kwa wingi miaka ya themanini, hadi serikali mwaka 1989 ikaunganisha taasisi tisa zilizoshindwa kuwa benki moja, Consolidated. Waliozaliwa miaka hiyo watakwambia pia kuhusu Trust Bank, 1998. Wazazi wetu waliokuwa wakificha pesa chini ya godoro hawakuwa washamba. Walikuwa na kumbukumbu.

Picha tunazozikumbuka ni za wenye akaunti: foleni, mlango wenye kufuli, karatasi iliyobandikwa kwenye kioo, mama anashika kichwa. Hakuna picha ya mtu anayecheka. Lakini walikuwepo. Kila benki inapokufa kuna watu wanaolia kwa sababu iliwawekea pesa, na kuna wengine wanaopumua kwa sababu iliwakopesha. Babangu anasema wiki ile benki ilipofungwa, watu watatu walikuja dukani kumpongeza. Ati amebahatika. Ati benki imekufa na deni lake. Mmoja alimwambia anunue soda.

Hilo ndilo swali ninalotaka kulikalia hapa, kwa sababu nilikuwa na jibu lake tayari na lilikuwa sawa kabisa na la yule wa soda.

Jibu langu lilikuwa hivi: taasisi haina roho. Unadaiwa na mtu, hudaiwi na jengo. Nikimkopa jirani unga nisirudishe, nimemuumiza mtu ninayemwona kila asubuhi akisukuma mlango wake. Nisipolipa benki, nimeumiza nani? Namba. Nilikuwa na sababu zangu za kuamini hivyo. Niliacha chuo mwaka wa pili, nusu kwa ajili ya karo na nusu kwa ajili yangu mwenyewe, na HELB hawajaacha kunitumia ujumbe tangu hapo. Nilishawahi pia kukopa shilingi 3,200 kwenye moja ya zile apu za mikopo, nikaifuta apu, nikabadilisha laini, nikalala fofofo. Wasee wengi mnaosoma hapa mmefanya hivyo. Tulikuwa na mzaha chuoni: apu ikifutwa, deni limezikwa.

Kuzikwa. Tuliishi Voi karibu na familia za Kiislamu, na mazishi ya majirani tulihudhuria. Kabla maiti haijatolewa, mtu wa familia husimama akatangaza: kama kuna anayemdai marehemu, amwone fulani. Na mara nyingi huongeza: na kama kuna aliyekuwa anadaiwa na marehemu, naye pia aje. Nikiwa mtoto niliona watu wakija kwa lile tangazo la kwanza. Kwa lile la pili sikumbuki kumwona hata mmoja. Si kwamba watu wa mtaa wetu ni wabaya. Ni kwamba anayedai ana kumbukumbu nzuri kuliko anayedaiwa, na mkopeshaji aliyekufa ndiye mkopeshaji asiyepiga simu.

Niliwahi kusoma somo moja la falsafa kabla sijaacha chuo, na kitu pekee kilichobaki kichwani ni mwanzo wa kitabu cha Plato, Republic. Mzee mmoja tajiri, Cephalus, anazungumza kuhusu haki kama kusema ukweli na kulipa unachodaiwa. Socrates anamuuliza: je, ukiwa ulipewa silaha na rafiki yako akiwa na akili timamu, halafu akaja kuidai akiwa amerukwa na akili, utamrudishia? Mzee anakubali kwamba hapana, halafu anaondoka kwenda kutoa sadaka zake na kuwaachia vijana mjadala. Mhadhiri wetu alitumia saa nzima kwa rafiki mwenda wazimu. Hakuna aliyeuliza: je, rafiki akiwa amekufa?

Ninachokipenda katika mfano huo ni kwamba si mkopo. Ni amana. Mtu kakuachia kitu chake umshikie. Na Kiswahili, kabla ya wachumi, kiliona jambo ambalo mimi nilihitaji kesi ili nilione: pesa unayoweka benki tunaiita amana, jina lilelile la kitu alichokuachia mwenzako akaenda safari. Benki haikuwa na milioni 1.8 zake. Ilikuwa imeachiwa.

Iliachiwa na nani? Hapa ndipo hadithi inapoingia nyumba ya nne kutoka kwetu.

Kuna mama anayeuza mitumba sokoni Voi, ambaye hapa nitamwita Mama Mitumba tu. Alikuwa na shilingi 430,000 kwenye benki ileile, pesa za kujenga vyumba vinne vya kupangisha. Msingi ulikuwa tayari umechimbwa, na mabati alikuwa ameyalipia nusu dukani kwetu. Benki ilipofungwa, bima ya amana ilikuwa shilingi 100,000 kwa kila mwenye akaunti. (Ilipandishwa hadi 500,000 mwaka 2020. Kama ingekuwa hivyo wakati huo, angepata zote.) Alipata laki yake baada ya kusubiri sana. Zile 330,000 zilizobaki akaambiwa angoje.

Angoje nini? Niliuliza swali hili nikiwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, aibu yangu. Benki ikifilisika, KDIC, shirika linalosimamia bima ya amana, huteuliwa kuwa mfilisi. Kazi ya mfilisi ni kukusanya kila kitu kilichobaki: majengo, magari, viti. Lakini mali kubwa ya benki si viti. Mali kubwa ya benki ni watu kama babangu. Mikopo. Mfilisi huwafuata wadaiwa, akipata huwalipa wenye amana kidogokidogo, na mambo huenda polepole: Imperial iliyofungwa 2015 iliingia ufilisi rasmi Desemba 2021. Kwa hiyo Mama Mitumba alikuwa anangoja babangu alipe. Wao wawili walikuwa wanasalimiana kila siku, kanisa moja, bodaboda mmoja, na hakuna kati yao aliyejua kwamba mmoja anamdai mwenzake.

Babangu hakuacha kulipa kwa sababu ya uchoyo. Baada ya benki kufungwa aliendelea kuweka pesa kwenye akaunti aliyoelekezwa. Desemba 2016 lori likapinduka karibu na Maungu. Tanboi alivunjika bega. Bima ilikuwa ile ya kufidia wengine tu, si lori lenyewe. Kilichobaki kiliuzwa vipandevipande kulipia hospitali. Kazi ya reli nayo ilikuwa inaisha. Malipo ya mwisho yalikuwa Februari 2017, na deni lililobaki lilikuwa kama shilingi 640,000. Halafu kimya. Hakuna aliyepiga simu, na babangu hakupiga.

Barua ya madai ilifika Novemba 2022. Walikuwa wanataka 1,271,400, pamoja na riba. Kuna kifungu kwenye sheria ya benki, 44A, kinachosema riba isizidi kile kiasi kilichokuwa kimebaki siku mkopo ulipoacha kulipika, na wakili wao alikuwa amepiga hesabu karibu kabisa na mpaka huo. Nikampigia rafiki yangu tuliyeanza naye chuo, yeye akamaliza na sasa anasomea uwakili. Akaniuliza swali moja tu: mlilipa lini mara ya mwisho? Nikamwambia. Akacheka.

"Msijibu," alisema. "Hata 'tumepokea barua' msiandike. Hata mia moja msitume. Ikifika Machi mko huru."

Sheria ya Kenya inatoa miaka sita kushtaki kwa deni la mkataba. Lakini mdaiwa akikiri deni kwa maandishi na kutia sahihi, ama akilipa hata sehemu, saa inarudi sifuri. Miezi mitatu ya kunyamaza tu. Sikuhitaji kudanganya wala kughushi chochote.

Niseme hapa kwamba siidharau sheria hiyo. Sasa ninaiheshimu kuliko wakati ule nilipotaka kuitumia. Risiti zinafifia. Babangu alikuwa amelipa mara nne baada ya benki kufungwa na malipo mawili hayaonekani kwenye hesabu zao, na yeye hana tena zile karatasi, panya walizimaliza. Watu hawawezi kuishi milele na mguu mmoja kortini. Mtu anayesema muda umepita si mwizi, na kama babangu angesema hivyo ningemtetea leo kwa nguvu zote.

Nilisafiri Voi nikamweleza yote. Alisikiliza, akavua miwani, akauliza: "Na hao wenye pesa, muda wao unaisha lini?"

Sikuwa na jibu. Akaniambia nichape barua: anakiri alikopa, anakiri amebakisha, hakubaliani na hesabu yao, anaomba alipe 8,000 kila mwezi.

Nikachapa barua nyingine. Ilikuwa nzuri, nilijivunia Kiingereza chake. Iliomba taarifa ya akaunti, ikauliza kuhusu malipo mawili yaliyopotea, na haikukiri lolote. Nilitegemea atatia sahihi bila kusoma, kwa sababu mimi ndiye msomi wa nyumba, hata kama niliacha. Aliisoma neno kwa neno kwa kidole.

"Nilisema nakiri. Iko wapi?"

"Baba, hilo neno ndilo litakalotufunga."

"Hii ni barua ya mtu mwingine," alisema. "Mimi simjui."

Nikachapa upya. Ndipo "mkopp".

Ningependa kusema mamangu alikuwa upande wake, lakini ningekuwa naongopa. Mama alikasirika, na hasira yake ndiyo hoja nzito kuliko zote nilizosikia kuhusu jambo hili. Alisema: deni la benki ni deni, sawa. Na karo ya huyu haikuwa deni? Alikuwa ananinyoshea kidole mimi. Na karo ya yule? Dada yangu alikuwa anangoja kuingia chuo. Mzazi akizaa ameahidi, hata kama hakutia sahihi popote, na ahadi hiyo haina wakili wala mfilisi wa kuidai. Elfu nane kwa mwezi zilikuwa zinatoka kwenye mfuko mmoja, na yeye aliona babangu anachagua kuwa mwaminifu kwa watu asiowajua kwa kutumia pesa za watu anaowajua. Mpaka leo sijampata mtu wa kumjibu mama vizuri. Babangu hakujaribu. Alisema atauza ile pikipiki.

Na kuna jambo lingine, ambalo mimi ndilo lililonikera zaidi. Benki hazifi kwa sababu ya malori ya tani saba. Zinakufa kwa sababu ya mikopo mikubwa waliyopeana watu wa ndani na marafiki zao. Kesi za hao ni za mawakili wenye majina, na zinakwenda Mahakama ya Rufaa na kurudi wakati wazee kama babangu wanafuatwa kwanza kwa sababu ni rahisi kufuatwa. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia pia hesabu niliyopiga: ukigawa 640,000 kwa wenye amana wote, kila mtu kulingana na alichopoteza, na ukatoa gharama za mawakili, sehemu ya Mama Mitumba pengine haifiki bei ya chai na mandazi. Analipa kwa ajili ya mandazi?

Alinijibu kitu ambacho si falsafa. Alisema yeye hakukopa kwa hao wakubwa, kwa hiyo hawezi kulipa kama wao.

Lakini hesabu yangu ya mandazi haikumtoka. Wiki moja baadaye akaenda kwa Mama Mitumba akamwambia kila kitu: kwamba alikopa benki ile, kwamba amebakisha, kwamba pesa zile ni zao. Mama Mitumba alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akasema jambo la maana kabisa: "Basi nipe mimi mkononi, tumalizane. Hao wa Nairobi wa nini?"

Babangu alikaa na hilo siku mbili. Mimi niliona ni suluhisho safi. Mdaiwa yupo, mdai yupo, wanaonana. Si ndivyo nilivyokuwa nikisema, kwamba mtu hudaiwa na mtu? Ukimlipa Mama Mitumba 330,000, umefanya kitu ambacho jicho linakiona: vyumba vinne, mabati, wapangaji. Ukimlipa mfilisi umetumbukiza tone baharini.

Alirudi akamwambia hawezi. Sababu aliyompa ni kwamba sheria itamdai tena. Ni kweli, ingemdai tena, kumlipa yeye hakungepunguza hata senti. Lakini usiku ule aliniambia sababu nyingine. Kuna mtu mwingine Kitui, ama Kitale, ambaye pia aliweka laki nne, na ambaye hawezi kuja mlangoni kucheka na kumwomba. Akimlipa anayemwona, amemlipa kwa pesa za huyo asiyemwona. Sikujua aliyafikiria hayo lini. Huyu ni mtu aliyeishia darasa la saba.

Mama Mitumba hakufurahi. Bado wanasalimiana, lakini fupi.

Mawakili walikataa elfu nane. Walitaka asilimia thelathini kwanza, na hakuwa nazo hata baada ya kuuza pikipiki. Mwaka 2024 wakafungua kesi, na wakaambatanisha barua yetu kuthibitisha kwamba saa ilirudi sifuri. Bila ile barua wasingekuwa na kesi. Rafiki yangu wakili alipoiona aliniuliza kwa upole kama niliielewa kweli sheria aliyonieleza. Nilimwambia niliielewa.

Sijalipa HELB. Nisije nikajifanya mtakatifu hapa. Lakini nimeanza kusoma zile jumbe zao kabla ya kuzifuta, na najua sasa pesa zile huzungushwa kwa wanafunzi wanaofuata, dada yangu akiwemo, ambaye aliingia chuo Septemba. Ninachangia kodi yake ya chumba. Mama anasema huo ndio mwanzo.

Korti siku hizi ni ya mtandaoni, kwa hiyo kesi ikitajwa babangu huunganishwa kwa simu yangu ama ya dada, sebuleni Voi, shati jeupe, tai. Mara ya mwisho nilikuwa nyumbani. Tulingoja saa moja na nusu tukisikiliza kesi za watu wengine, viwanja, talaka ya biashara, mtu aliyesahau kuzima maikrofoni akiagiza chapati. Karani aliposoma nambari yetu, babangu alisimama wima, kama anavyosimama kortini mtu wa zamani. Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye thamosi, kwa hiyo hakimu aliona vifungo vya shati tu.

"Mshtakiwa yupo?"

"Nipo, mheshimiwa."

Hakimu akamwambia aketi. Akauliza kama pande mbili zimezungumza kuhusu malipo. Wakili wao akasema wanangoja maelekezo kutoka kwa mteja wake. Babangu akasema yeye bado yuko kwenye elfu nane, na kuna malipo mawili anataka yatafutwe. Kesi ikapangiwa kutajwa tena baada ya siku arobaini na tano. Akakaa kidogo akiitazama simu iliyozimika, halafu akaniuliza bando iliyobaki itafika siku hiyo ama tununue nyingine.